Mwaka Tulioombea Mlima Baridi

Julai hii kaka yangu Kashindi alikuja Uvira kwa siku tisa, baada ya miaka ishirini. Amenenepa, kipara kimeanza mbele, na anapenda kukaa karibu na mlango kwa sababu joto letu limemshinda. Siku ya nane tulikuwa mezani, bugali na sombe ya majani ya muhogo na samaki aina ya mikeke, wawili wakubwa, simu yake ikalia. Aliongea kwa lugha ya kule, akacheka, akaikata, kisha akatupa habari kwa wepesi wa mtu aliyelizoea jambo: "Bamesha panga siku ya kufungua mulima." Watoto wangu walicheka. Mlima unafunguliwaje? Mimi nilisimama na sahani ambayo sikuwa nimeimaliza, nikatoka uani, nikakaa nyuma ya jiko mpaka uso ulipokauka. Niliporudi nilisema moshi wa makaa umeniingia machoni. Hakuna aliyenikumbusha kwamba makaa yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, na Kashindi aliendelea kula bila kunitazama.

Namna Kashindi alivyovuka mpaka, akakaa kambini, akachaguliwa kupelekwa kwenye nchi ya baridi, hiyo ni hadithi yake, na akitaka ataisimulia mwenyewe. Yangu inaanzia chumbani kwa Mama, hapa mtaani Songo, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza egzeta, mtihani wa mwisho wa sekondari, na nilikuwa nyumbani nikingoja matokeo, wakati Mama alipoanza kuvimba miguu. Kwanza viatu vilimkataa, kisha kandambili, kisha ikawa ukibonyeza kifundo chake kwa kidole shimo linabaki pale pale. Muuguzi alituambia moyo wake umechoka na maji yanajaa mwilini. Asile chumvi, asilale chali. Basi Mama akawa analala ameketi, mgongo kwenye mito mitatu, na nyuma ya mito gunia la mchele wa Lubarika. Gunia hilo hakuliweka pale kwa ajili ya mgongo. Alikuwa amelitayarisha kwa ajili ya kumpokea Kashindi, na alijua vizuri kwamba mchele ulioegemewa na mgonjwa hakuna jirani atakayethubutu kuuomba. Kutoka kitandani aliliona ziwa kupitia dirishani, na mlango ukiwa wazi aliiona milima. Alikuwa mtu wa kupenda kuona nani anapita, kwa hiyo mlango haukufungwa mchana hata mvua iliponyesha.

Chumvi ilikuwa vita yetu. Nilimpikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, bila chumvi, akazitazama, akazisukuma pembeni moja moja kwa kidole. "Ndagala bila chumvi ni nini?" aliniuliza. "Ni muchanga iko na macho." Mara mbili nilimkuta akilamba ndagala kavu alizoficha chini ya mto, nikamnyang'anya na kumkaripia kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Alinitazama akacheka, akasema nitakuwa mwalimu, tena mwalimu mubaya. Nimekuwa mwalimu kweli. Ningejua wiki zilizobaki ni ngapi, ningemwachia ndagala zake zote, na chumvi juu yake, na ningeketi nile naye.

Kashindi alifanya kazi kwenye mlima ambao watu wenye nafasi huenda kuteleza juu ya theluji wakiwa wamefunga mbao miguuni. Mkubwa wake alimwahidi ruhusa ya wiki tatu aje kumwona Mama, ila baada ya mlima kufunguliwa, si kabla, kwa sababu kabla ya hapo kila mkono unahitajika. Tiketi ilikuwa tayari. Kanisa lake la kule lilimkatia. Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya Jumamosi moja ya katikati ya Novemba, siku ya kufungua mlima. Ukifunguliwa mapema, Kashindi atamkuta Mama. Ukichelewa, hakuna aliyetaka kumalizia sentensi hiyo. Alipiga simu asubuhi yetu, ambapo kwake ilikuwa bado jana, nami niliweka simu kwenye goti la Mama, sauti ikiwa wazi, nikakaa sakafuni nikichambua sombe na kusikiliza.

"Mulima inafungwaka?" Mama alimwuliza mara ya kwanza. "Iko na mulango?"

"Hapana, Mama. Banangojaka theluji ifunike majani, njo baite bantu bakuje kuteleza."

"Batoto?"

"Batoto, bakubwa, hata bazee."

Mama aligeuza kichwa akaitazama milima yetu, ile ambayo wanawake huishuka na mizigo ya mihogo mgongoni. "Huku muntu akiteleza," alisema, "tunamwambiaka pole."

Kashindi alicheka sana, kisha akamweleza kazi yake. Theluji isipoanguka yenyewe, wao huitengeneza. Wana mashine kama mizinga, zinapuliza maji hewani, na hewa ikiwa baridi ya kutosha yale maji huganda kabla hayajafika chini. Mama alisikiliza amefumba macho. "Kumbe unamwangiliaka mulima maji," alisema mwishowe, "kama mboga ya lengalenga mu bustani." Tangu siku hiyo wageni wakiuliza Kashindi anafanya kazi gani huko Ulaya, maana kwetu kila nchi ya baridi ni Ulaya, Mama aliwajibu kwa fahari kwamba mwanawe anamwagilia mlima. Wengine walifikiri ugonjwa umempanda kichwani. Mimi sikuwasahihisha, kwa kuwa nilipenda kuona sura zao.

Tatizo lilikuwa joto. Oktoba ilipita, Novemba ikaingia, huku mvua ikitunyeshea kila alasiri na mto Mulongwe ukiburuta mawe yake, na kule kwenye mlima wa Kashindi jua liliwaka kama la kwetu. Mashine zilisimama, maji yapo, watu wapo, baridi haipo. Kashindi alinieleza kwamba mtandaoni kuna mahali pa kusoma hali ya hewa ya mlima wowote, nami nikaanza kwenda mtaa wa Kimanga kila siku, kwenye duka dogo la fotokopi lililokuwa na kompyuta moja yenye mtandao. Mwenye duka alinizoea. "Bengine banakuja kutafuta masomo ya Ulaya," alinitania, "weye unatafuta baridi yake?" Nilinakili namba nyuma ya daftari langu la zamani, nikarudi Songo kwa miguu nikizirudia kichwani. Mama alinisubiri kwa swali lile lile.

"Leo ngapi?"

"Sita, Mama."

"Juu ama chini?"

"Juu ya sufuri."

"Aah. Mulima ile haina huruma."

Kashindi alinifundisha kwamba namba moja haitoshi. Kuna nyingine ya unyevu, ya maji yaliyomo hewani, na hewa ikiwa kavu theluji ya mashine hutengenezeka hata baridi isipokuwa kali sana. "Sikiliza, Riziki," aliniambia. "Theluji ya Mungu hatuitafute. Ile ikikuja nyingi inafungaka barabara. Tunatafuta baridi kavu. Baridi kavu, umesikia?" Nilisikia. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, nilijivuna kwa namba zangu, na katika Songo nzima hakuna mtu mwingine aliyejua unyevu wa mlima ule. Leo nafundisha jiografia, na kila mwaka tukifika kwenye somo la unyevu wa hewa naandika ubaoni kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, mgongo ukiwaelekea wanafunzi.

Siku mbili kabla ya Jumamosi ile waliahirisha kwa wiki. Wiki ilipokaribia kwisha wakaahirisha tena, safari hii bila kutaja siku. Tiketi ikasogezwa mara mbili. Muuguzi alikuja kumpima Mama, akanivuta nje, akaninong'oneza karibu na ukuta: "Usihesabu miezi, Riziki. Hesabu wiki." Kutoka ndani Mama akasema kwa sauti, "Minye siko kiziwi," na muuguzi akaondoka haraka bila kunywa chai tuliyomwekea.

Asubuhi iliyofuata Kashindi alipiga simu na kuniomba niondoe sauti wazi, tuongee wawili. Niliondoa, lakini sikutoka chumbani. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikutoka; hatua tano tu zingetosha. Niliketi ukingoni mwa kitanda, Mama akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake fupi shavuni.

"Niambie kweli," Kashindi alisema. "Nikikuja sasa, banafukuza minye ku kazi. Si kitu, nitakuja. Lakini ile programu ya hewa inasema baridi iko njiani. Mama anaweza kungoja siku kumi?"

Mama alinishika bega. "Mwambie niko muzuri," alisema. "Mutoto asiache kazi juu yangu. Sema ndiyo."

Nilimtazama. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na alikuwa ameniambia jana yake kwamba moyo unamgonga mpaka kwenye meno. Nilikuwa na maneno ya muuguzi, nilikuwa na macho yangu mwenyewe, na nilikuwa na daftari lenye namba za siku saba zijazo, zote zikishuka. Nikaamini daftari. "Anaweza, Yaya," nilimwambia. Ndivyo tunavyomwita mkubwa. "Anaweza kungoja." Mama aliniachia bega akarudi kwenye mito yake ameridhika, kisha akataka uji.

Wiki hiyo hiyo nilipeleka jambo letu kwenye chumba cha maombi cha Mama Feza, jirani yetu, mjane mwenye sauti kubwa na miguu isiyochoka. Wanawake walikuwa wakikutana kwake na kufunga siku tatu, bila kula mpaka jioni, na kila mmoja alileta shida yake imeandikwa kwenye kikaratasi. Vikaratasi viliwekwa ndani ya ungo katikati ya chumba, Mama Feza akavisoma kimoja kimoja, na wote wakaomba kwa kuinua sauti pamoja. Kwa kuwa wengi hawakuandika, mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wao tangu nikiwa darasa la sita. Niliwaandikia kuomba watoto, waume, viza na mazao. Siku hiyo niliandika ya kwetu: Mungu ateremshe baridi kavu kwenye mlima wa Kashindi.

Mama Feza aliisoma kimya, akaniangalia juu ya miwani. "Riziki, tutamwombeaje mutoto wa muntu baridi? Baridi ni malaria. Baridi ni maiti." Wanawake wakaguna kukubali. "Tena kavu," akaongeza mwingine, ambaye mahindi yake yalikuwa yameungua mwaka uliopita. Nilijaribu kueleza mashine, maji, unyevu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kufunga. "Theluji iko mu Biblia," Mama Feza alisema kwa upole. "Ile tunaijua. Andika theluji." Nilijua siyo. Sauti ya Kashindi ilikuwa bado sikioni. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa katikati ya mama zangu kumi na wawili, wenye njaa kwa ajili yetu, na kubishana nao lingekuwa jambo la aibu. Nikajiambia Mungu anajua hali ya hewa kuliko mimi. Nikakata baridi kavu, nikaandika theluji. "Ongeza nyingi," mama mmoja akasema, "Mungu si maskini." Nikaongeza nyingi, na wakapiga magoti.

Siku ya tatu ya mfungo namba za Kimanga zilipinduka. Saba, chini ya sufuri, hewa kavu. Mwenye duka alinipa mkono kana kwamba nimefaulu egzeta. Mashine zikaanza kule, zikafanya kazi siku tano bila kupumzika, na Kashindi akatupigia akiwa kazini, akaielekeza simu kwenye mzinga ili Mama asikie. Ilikuwa sauti ya mvua kubwa juu ya bati. Mama alifumba macho, akatabasamu, akaniagiza nifue foronya mpya na nimtafute mtu wa kuleta samaki wakubwa Ijumaa. Jumamosi mlima ulifunguliwa. Tulisikia kwenye simu kengele, na watu wazima wakipiga kelele za furaha, na Kashindi akilia. Mama alijaribu kupiga vigelegele, pumzi ikamkatikia katikati, akacheka mwenyewe. Hesabu ilikuwa hivi: Kashindi anaondoka Jumanne, ndege tatu, anashuka Bujumbura, na Ijumaa mchana anaingia kwa mlango ule ulio wazi. Mama alitaka nimsuke nywele. Nilimsuka Jumapili, polepole, kwa sababu hakuweza kuinamisha kichwa, na hiyo ndiyo siku niliyokuwa na furaha kuliko zote za mwaka ule.

Jumatatu ilianguka theluji ya Mungu. Jumanne asubuhi Kashindi alipiga simu, sauti imemkauka. "Inaanguka siku nzima, Riziki. Barabara ya kushuka bameifunga. Ndege itaenda bila minye."

Mama alisikia. Hakuwa tena na nguvu ya kushika simu, lakini aliuliza neno moja. "Nyingi?"

"Nyingi, Mama," Kashindi alimjibu. "Sijaona bado ya namna hii."

Nilitoka mbio mpaka kwa Mama Feza nikamkuta akichekecha unga wa muhogo. Nilimwambia waache kuomba, theluji imefunga njia, Kashindi hawezi kushuka. Alikaa chini juu ya kigoda na unga mikononi. "Sisi njo tulisema nyingi," alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu. Kisha akasimama akawaita wengine nyumba kwa nyumba, nao wakaja katikati ya mchana, wakiwa na watoto mgongoni na vyungu jikoni. Nimeona watu wakimlilia Mungu kwa sababu hajawasikia. Ni siku hiyo tu nilipoona wanawake wakimlilia kwa sababu amewasikia. Jioni yetu barabara ilifunguliwa, Kashindi akashuka na kupata ndege nyingine. Jumatano asubuhi yetu Mama alifariki. Kashindi alikuwa kwenye uwanja wa pili wa ndege nilipomwambia, akauliza mazishi ni lini, nikamjibu ni kesho, akasema basi anakuja kufanya nini, akarudi. Mchele wa Lubarika tuliwapikia waombolezaji. Hakuja tena mpaka Julai hii.

Najua mawingu ya mlima ule hayakutoka Songo. Nalipwa kuwaeleza watoto mawingu hutoka wapi. Hata hivyo kwa miaka mingi nilikilaumu kikaratasi kile, neno lile nyingi nililoliongeza kwa mkono wangu, na nilikitubia kwa mapadri wawili tofauti, ambao wote walijizuia kucheka. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba nilikishika kikaratasi kwa sababu kilikuwa chepesi. Kizito kilikuwa kile kingine: anaweza kungoja. Siku ya sita ya ziara yake nilimwambia Kashindi. Tulikuwa tumekaa katika chumba hicho hicho, sasa ni chumba cha watoto wangu, madaftari kila mahali. Nilimwambia kwamba muuguzi alikuwa ameshanionya, kwamba nilijua, kwamba nilimdanganya. Alikunja na kukunjua kofia yake.

"Nilimusikia Mama," alisema mwishowe. "Ku simu. Alisema, mwambie niko muzuri, sema ndiyo. Nilisikia yote, Riziki. Simu ilikuwa karibu na kinywa yake."

"Sasa mbona hukukuja?"

"Kazi niliipenda. Nilitaka kuamini weye."

Hatukukumbatiana. Alitoka nje akaenda kuongea na fundi aliyekuwa akitengeneza paa, nami nikakusanya madaftari ya watoto yasiyohitaji kukusanywa. Nilimpenda sana saa ile, na nilimchukia pia kidogo, na nilifurahi kwamba hatimaye mzigo ule tuliubeba wawili. Lakini lipo jambo moja ambalo sikumwambia, na aliondoka siku ya tisa bila kulijua. Ni lake kwa haki. Sijampa kwa sababu ndicho kitu cha mwisho ambacho Mama aliweka mikononi mwangu, hata kama hakikuwa changu.

Jumatano ile mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Mama alikuwa amelowesha shuka, nikambadilishia, nikaenda kulifua uani kwa maji ya mvua yaliyojaa kwenye beseni. Yalikuwa ya baridi kweli, vidole vikafa ganzi. Nilimsikia akipumua hata kutoka uani, pumzi moja, kimya, pumzi nyingine, na kimya kilipozidi nikaliacha shuka nikaingia mbio bila kujifuta. Macho yake yalikuwa nusu wazi lakini hayakuona kitu. Niliushika mkono wake. Alishtuka. Akauleta mkono wa pili, akaufunika wangu kwa mikono yake miwili iliyovimba, akaupapasa vidole mpaka kucha.

"Kashindi," alisema. "Umefika. Unaona mukono yako ile baridi."

Nilifungua kinywa niseme ni mimi, Mama, ni Riziki. Uso wake ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza tangu Agosti, makunyanzi yote yamelala. Nilifunga kinywa. "Eh, Mama," nilisema kwa sauti nzito, chini kabisa.

"Sikukukasirikia. Mulima njo ilikuzuia." Alipumua. "Riziki alinichunga muzuri. Lakini minye nilikuwa nangoja weye."

Aliinua mkono kutafuta kichwa changu ili anibariki, kama wazazi wetu wanavyowabariki watoto wao wanaokwenda safari. Nikakumbuka nywele zangu. Nilipiga goti nikainua uso juu, ili kiganja chake kiangukie paji la uso kisiguse misuko, na kikaangukia hapo. Alisema maneno yake kwa Kifuliiru, lugha ya wazee wetu, maneno ambayo mzazi humwambia mtoto wake wa kwanza wa kiume, ya nyumba na ya jina na ya kutoogopa. Aliyasema yote bila kuruka. Nilijibu kila mahali panapojibiwa. Machozi yalinitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono wake, na sijui kama aliyahisi.

Kisha akauliza, "Riziki iko wapi?"

"Anafua," nilisema.

"Akimaliza akuje. Iko neno nataka kumwambia, yeye pia."

"Nitamwita, Mama."

Nilitoa mkono wangu taratibu kutoka katika mikono yake, nikatoka kwa mlango ule, nikasimama uani. Nilijifuta mikono kwa kitenge, nikaisugua, nikaipulizia pumzi, nikaiweka makwapani ipate joto ili anijue. Sikukawia. Nimepima muda huo mara nyingi sana nikiwa mtu mzima, hauzidi dakika mbili. Nikajifuta uso, nikaitengeneza sauti yangu ya kawaida, nikaingia nikisema, "Mama, nimekuja, ni minye, Riziki."

Mikono yake ilikuwa imebaki wazi juu ya shuka, kama nilivyoiacha, na mimi ndiye niliyeifunga.